Fungu la Mgeni

Mitumbwi ya Kasenyi hurudi alfajiri. Kabla hujaiona unasikia makasia yakigonga mbao, kisha sauti za wanaume wakiulizana bei ya jana. Sisi wanawake tunakuwa tumeshafika, leso kiunoni, beseni mkononi, tumekaa mbali kidogo na maji kwa sababu ya viboko. Saa ile ndipo wanaporudi ziwani baada ya kula majani usiku kucha katikati ya nyumba zetu. Nyuma yetu wanasimama makaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara, wakingoja matumbo ya samaki.

Kazi hii nilifundishwa na mukaka wangu, bibi mzaa mama. Akishanunua samaki wake aliwapanga juu ya gunia kwa mafungu: ngege wakubwa, ngege wadogo, kambare peke yao. Mwisho kabisa alimchukua ngege mmoja, si mkubwa sana wala si mdogo, akamlaza kando juu ya jani. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Huyu wa nani, mukaka?"

"Wa mgeni."

"Mgeni gani?"

"Sijamjua bado."

Jioni ngege yule alipata mwenyewe. Wakati mwingine ni mama aliyetoka Congo na hakuwa na nauli ya kumfikisha Katunguru. Wakati mwingine ni mtoto wa shule aliyekaa mlangoni bila kusema ana njaa. Pasipotokea mtu, mukaka alimtia moshini pamoja na wengine, na kesho yake mgeni alikuwa na samaki wawili.

Yeye mwenyewe aliingia Kasenyi akiwa msichana, kupasua samaki katika kiwanda cha TUFMAC. Miaka ya 1950 kiwanda kile kiliwagandisha na kuwatia chumvi samaki wa ziwa George, na wengi wao waliishia Congo. Ziwa lenyewe halina kina cha kutisha. Kwa wastani ni kama mita mbili na nusu, na mukaka alipenda kusema kwamba watu wawili wakibebana mabegani, wa juu ataona mwalo. Lakini linaua. Limepakana na mbuga ya Queen Elizabeth, kijiji kimebanwa katikati ya maji na wanyama, na karibu kila mtu anayeishi pale amefika akitokea mahali pengine. Kuna Wakonzo walioshuka kutoka milimani, Wanyankole, Watoro, Wasongora, Waganda waliofuata samaki, na Wakongo waliofuata amani.

Mimi nilizaliwa Kilembe, baba akichimba shaba. Kiswahili changu ni cha kule. Wachimbaji walikuwa wametoka kila upande, na hii ndiyo lugha waliyoelewana nayo shimoni. Uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mtoto mdogo. Mama alitufunga vitu vyetu, tukashuka kwa mukaka. Ndiyo sababu kikundi chetu kilipoanza, miaka mingi baadaye, daftari liliandikwa kwa Kiswahili. Lugha ya mmoja wetu ingewafungia wengine nje, na mimi nilijua kuandika.

Majina ya wenzangu sitayaandika. Wenyewe hawakuniomba niwaandike. Tena kwetu Wakonzo jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Nikiandika Masika alisema hivi, nusu ya mwalo itaitika.

Mara ya kwanza kuwaona wanawake wa Kasenyi wakikusanya kwa ajili ya watu wasiowajua ilikuwa Novemba 1996. Tarehe 13 mwezi huo waasi wa ADF walivuka mpaka wa Congo pale Mpondwe wakashambulia, na watu wa Bwera wakaanza kukimbia na magodoro kichwani. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Habari zilitufikia jioni, na usiku ule mukaka alifunua tanuri lake, akashusha samaki wote waliokuwa juu ya wavu, hata ambao hawajakauka vizuri, akawafunga kwenye gunia. Nilidhani atabakiza wa kuuza. Hakubakiza. Kulipopambazuka nje ya nyumba yetu palikuwa na magunia mengine saba. Hakuna mkutano ulioitwa, na hakuna aliyeandika nani ametoa nini. Yalipakiwa kwenye lori lililokuwa linaelekea upande ule, na ikawa basi.

Nilivutiwa sana na jambo lile, lakini baadaye nilianza kuliona kasoro. Lilisimama juu ya mtu mmoja. Mukaka angeugua wiki ile, yale magunia saba yasingekuwepo.

Vibina vya kusaidiana tulikuwa navyo vya kutosha. Kulikuwa na upatu wa wenye matanuri, kibina cha mazishi cha Wanyankole, kingine cha Waganda, na wanawake wa Kikongo walikuwa na likelemba yao ya kila Jumamosi. Vyote vilikuwa vizuri, na vyote vilikuwa na ukuta. Ukichanga utasaidiwa, usipochanga, pole. Sivilaumu, maana mwanamke anayeuza samaki wa elfu tano kwa siku hana cha kutapanya. Mwaka 2009 alikuja mwalimu na lile sanduku la chuma la kufuli tatu, ambalo sasa kila mtu Uganda analijua. Mtindo wake ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini wasio na benki, ukasambaa Afrika nzima. Funguo tatu hukaa kwa watu watatu, sanduku hukaa kwa wa nne, na hakuna pesa inayotoka wala kuingia ila mbele ya macho ya wote. Mimi nilichaguliwa mweka hazina. Nililala na sanduku lile chini ya kitanda changu miaka kumi na minne bila kuwa na ufunguo hata mmoja.

Tulikuwa wanawake ishirini na wanane. Kila Alhamisi alasiri, moto wa matanuri ukishatulia, kila mmoja alinunua hisa za akiba kadiri alivyoweza na kutoa shilingi 200 za mfuko wa jamii, za mwanachama aliyefiwa au kulazwa. Katiba yetu ilikuwa kurasa mbili, na ilisema *mwanachama* katika kila mstari.

Halafu akafa yule mvuvi.

Alikuwa kijana aliyeajiriwa kuvuta nyavu za mtu mwingine. Alikuwa amekaa nasi miezi minne hivi, na kila aliyemuuliza kwao alipata jibu tofauti. Kiboko aliupindua mtumbwi usiku. Mwenzake aliogelea, yeye alipatikana siku ya tatu kwenye mafunjo. Mwenye mtumbwi alitoa turubai. Kibina cha Wanyankole kilisema si wao, cha Waganda kikasema si wao, na wanawake wa likelemba wakaja kumtazama uso, wakatikisa kichwa. Akawa amelala chini ya mwembe, jua linapanda, na nzi wanajua kazi yao. Ilikuwa Alhamisi.

Tulipofungua kikao mukaka alisimama kabla ya wimbo. "Tununue sanda na mbao," alisema. "Wanaume watachimba."

Mwenyekiti wetu, mama mwenye haki nyingi moyoni mwake na ninayemheshimu mpaka leo, akaifungua katiba. "Mukaka, haimtaji. Tukivunja leo, kesho tutavunja kwa ajili ya nani?"

Wengine wakamuunga mkono. Mama mmoja mjane, mwenye watoto sita, alisema maneno ambayo hayajanitoka masikioni: "Mimi nikitoa kwa nisiyemjua, siku yangu ikifika nitakuta sanduku lina nini?"

Hakuwa mchoyo. Aliuliza swali la mtu aliyewahi kulala na watoto bila chakula. Mukaka alimjibu polepole, bila kumkaripia. "Mwanangu, wewe ulishuka hapa kwenye taksi ya Mbarara na mtoto mgongoni. Usiku ule ulikula samaki wa nani?"

Mama yule akanyamaza. Kisha akasema, "Wako."

"Hakuwa wangu. Nilikuwa nimekuwekea wewe kabla sijakuona."

Tulibishana mpaka jua likaelekea kuzama, na sasa nafurahi kwamba tulibishana. Watu huandika juu ya vikundi vya wanawake kana kwamba kazi iko kwenye kukusanya. Kukusanya tulikuwa tunajua tangu enzi za mama zetu. Kazi ilikuwa kukubaliana, tukiwa na akili timamu na daftari wazi, kwamba mtu asiyetudai chochote naye ana fungu katika jasho letu. Yule mjane ndiye aliyetupatia njia. Akiba isiguswe, alisema, na mfuko wa jamii usiguswe, maana ile ni ahadi tuliyopeana. Lakini kila Alhamisi kila mmoja alete samaki mmoja. Samaki hao wakaushwe pamoja, wauzwe pamoja, na pesa zao zikae kwenye mfuko wao wa kitambaa ndani ya sanduku. Nikauliza niandike jina gani juu ya safu hiyo mpya. Wakasema wengi kwa pamoja: mgeni.

Kijana tulimzika usiku kwa taa za kandili, huku wanaume wawili wakiwasha moto kando ili tembo wasisogee. Mbao na sanda tulizikopa, tukazilipa kwa samaki wa Alhamisi mbili.

Samaki ishirini na wanane kwa wiki ni kitu kidogo. Lakini anayejua moshi anajua pia kazi iliyomo. Unampasua mgongoni, unatoa matumbo, unamuosha, unamsugua chumvi ya Katwe, unamwacha ajikunje kidogo kwenye upepo, ndipo unampandisha juu ya wavu wa tanuri la udongo na kumfunika kwa mabati na magunia yaliyoloweshwa. Moto mkali unampika akameguka, na moto hafifu unamwacha mbichi katikati, ataoza kabla ya kufika sokoni. Na kuni zetu hutoka mbugani, kwa siku zilizoruhusiwa, mnakwenda kwa kundi na mnarudi kwa kundi, kwa sababu nyanda za Kasenyi ni za simba. Kila samaki wa mgeni alikuwa na kuni ndani yake, na kila kuni ilikuwa na mwanamke aliyeinama akisikiliza nyasi.

Tulipokezana kuwapeleka sokoni Lubiriha, mpakani. Unapanda gari mpaka Kikorongo, unakata kushoto, unapita Kinyamaseke na Kisinga, unafika Bwera umejaa vumbi na harufu ya moshi. Wateja wa Kikongo walikuwa wanajua samaki wa Kasenyi kwa kumgonga tu na ukucha. Walilipa kwa shilingi, kwa faranga, hata kwa dola, na mwenye zamu alirudi na hesabu aliyoisoma mbele yetu mpaka senti ya kuweka mzigo kichwani mwa mchukuzi. Mapato ya mwezi yaliwatosha watu wachache: madaftari na sare za yatima watatu wanne, au unga na sabuni za akina mama wanaouguza watu wao katika hospitali ya Kagando. Hospitalini kwetu mgonjwa hupikiwa na aliyemleta. Aliyemleta akiishiwa, wote wawili wanalala na njaa. Tulianza na watu hao kwa sababu mmoja wetu alikuwa amekaa wodini na dada yake wiki sita, akaona mama wa kitanda cha jirani akinywa maji ya chumvi na kusema ameshiba.

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba uliteremka kutoka Rwenzori na mawe makubwa kama nyumba. Kilembe nilikozaliwa ilisombwa nusu yake: madaraja, nyumba zile za mistari za wachimbaji, sehemu ya hospitali. Niliposikia nilikaa chini. Kwenye kikao kilichofuata hakuna aliyefungua katiba. Tulimwaga mfuko wote wa mgeni juu ya mkeka, tukahesabu mara mbili, na mimi nikapewa bahasha nipeleke mjini Kasese.

Niliipeleka kwenye ofisi moja iliyokuwa inapokea michango. Palikuwa na meza, palikuwa na muhuri, nikapewa risiti, nikarudi kwa fahari. Wiki tatu baadaye mukaka alitaka kujua imekula nani. Nikamwambia kuna risiti. "Sikuulizi karatasi," alisema. "Nakuuliza imekula nani." Tulikwenda wote wawili. Kwenye meza ile alikuwa amekaa mtu mwingine. Akaitazama risiti, akaigeuza, akatuelekeza mlango wa pili, na wa pili akatuelekeza wa tatu. Hatukutukanwa, na hatukujibiwa. Jioni tulipanda taksi bila kusemezana. Nilijua kwamba ndani ya bahasha ile kulikuwa na samaki wa miezi kadhaa, na mimi nilikuwa nimewaacha kwa mtu nisiyemuuliza hata jina.

Wenzangu hawakunilaumu, ingawa mimi nilijilaumu sana. Ila kanuni ilibadilika siku hiyo, ikaandikwa: fungu la mgeni litatembea kwa miguu yetu. Wawili wataondoka nalo, wataliweka mikononi mwa mlaji, na watarudi kutusimulia.

Tulikosea tena, na kosa la pili lilikuwa letu wenyewe. Mwaka uliofuata tulipanda kijiji kimoja cha milimani kwa bibi aliyekuwa akilea wajukuu watano. Tulikwenda kumi, tumevaa gomesi, sare yetu. Tulimsimamisha uani, tukaimba, mwenyekiti akahutubia, na mmoja wetu akapiga picha kwa simu bibi akiwa ameshika gunia. Majirani walijaa. Bibi alipiga magoti kutushukuru, mwanamke aliyetuzidi umri wote isipokuwa mukaka. Mukaka akamwinua haraka, akamkalisha, akakaa naye chini. Njiani tulipokuwa tunateremka hakusema neno mpaka tulipofika barabarani. Ndipo aliposema: "Mmemnunua kwa gunia moja la samaki. Sasa kila akipita sokoni watu watasema, yule pale."

Picha ile ilifutwa. Tangu siku hiyo tulitoa magharibi, wawili tu, bila sare wala hotuba, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Mukaka alifariki mwaka 2016, moshi ukiwa umemaliza kifua chake. Alhamisi iliyofuata mazishi, wanawake ishirini na saba walileta samaki ishirini na wanane. Sikuuliza nani ameleta wawili.

Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Congo. Mtoto mdogo aliyekuja na familia yake alifikishwa Kagando, akapelekwa Bwera, akafariki. Siku za soko zilifungwa, kusalimiana kwa mikono kukakoma. Kwa muda tulihesabu pesa zetu zikiwa ndani ya beseni la maji ya klorini, noti zikaelea kama majani, na mfuko wa mgeni ulinunua ndoo za kunawia tu. Nakumbuka ugumu wa kumpita mama unayemjua bila kumshika mkono. Kwetu salamu ni ndefu, na mikono ndiyo inayoibeba.

Lakini mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni 2020. Machi mpaka ulifungwa, shule zikafungwa, magari ya abiria yakasimamishwa. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo, si watu. Wateja wetu wa Kikongo hawakuweza kuvuka, bei ya samaki ikaanguka, na matanuri yakajaa samaki wasio na mnunuzi. Katikati ya hali hiyo, tarehe 7 Mei, Nyamwamba ikateremka tena, na safari hii mito mingine ya wilaya ilifurika pamoja nayo. Hospitali ya Kilembe ilivamiwa na maji, wagonjwa wakahamishwa. Watu wa mabondeni walilala kwenye madarasa yaliyokuwa yamefungwa kwa ajili ya korona.

Tulikutana ufukweni, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake, barakoa za vitambaa vya leso usoni. Kanuni yetu ilisema wawili waende kwa miguu yao, na hakuna aliyeruhusiwa kusafiri. Mwenyekiti, yule yule wa katiba, akasema, "Pesa hatuna, samaki tunao. Sisi hatuwezi kwenda. Wao wanaweza."

Tulikuwa na samaki wa mgeni wa wiki nne ambao hawajauzwa, mia moja na kumi na wawili. Tuliwafunga kwenye magunia mawili, tukayashona midomo kwa uzi wa nyavu, tukamtafuta kijana wa bodaboda tuliyemjua tangu akiwa mtoto. Nikaandika barua, ya kwanza ambayo fungu la mgeni liliwahi kuwa nayo, nikaielekeza kwa mama yeyote aliyechaguliwa na wenzake kwenye madarasa yale kugawa chakula. Ilikuwa fupi:

"Samaki 112. Tumewahesabu sisi, wahesabuni na ninyi. Wamekaushwa vizuri, waloweke kwanza. Hatuwajui na ninyi hamtujui. Sisi ni wanawake wa mwalo wa Kasenyi."

Kijana akaondoka. Mchana ule sikufanya kazi. Nilikaa nikitazama barabara ya vumbi, kobu wakila pembeni yake kama kawaida, na nikawaza bahasha ya 2013. Saa ya kutotoka nje ilikuwa inakaribia tuliposikia pikipiki.

Alirudi na magunia yetu mawili. Yalikuwa yamefuliwa, yamekunjwa, yamefungwa kwa kamba ya migomba. Ndani kulikuwa na barua yangu, na nyuma yake mkono mwingine ulikuwa umeandika kwa Kiswahili cha Kilembe, Kiswahili cha baba yangu, ila asante ya mwisho ni ya Kikonzo:

"Samaki 112 wamefika. Familia ni 37. Kila familia imepata watatu. Moja imepata wanne, iko na mama mwenye mimba. Wasingya."

Niliwasomea wenzangu nikiwa nimesimama juu ya jiwe ili sauti iwafikie. Nilipofika kwenye yule wa nne nilishindwa kuendelea, nikasoma tena tangu mwanzo. Mjane wa watoto sita alichukua kijiti akapiga hesabu mchangani, thelathini na sita mara tatu, ongeza wanne. "Imetimia," akasema. Tulituma samaki wengine mwezi uliofuata, na baadaye tukawafuata watu wale wale kambini Muhokya, magari yaliporuhusiwa.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, ilishambuliwa, na zaidi ya watu arobaini waliuawa, wengi wao wanafunzi. Wawili wetu walikwenda Bwera kuwapikia waombolezaji obundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake. Walikaa siku nne. Waliporudi hawakusimulia, na kwa mara ya kwanza hatukuwadai masimulizi.

Mwaka ule ule macho yangu yalianza kufunga. Moshi wa miaka mingi haudanganyiki. Nilikabidhi sanduku, nikahamia Kinyamaseke kwa binti yangu. Hisa zangu nililipwa zote, tukagawana kwa machozi, jina langu likatoka daftarini. Miezi michache baadaye daktari alisema jicho la kushoto linahitaji kupasuliwa mtoto wa jicho, na gharama yake ilinizidi. Sikumwambia mtu Kasenyi. Binti yangu ndiye aliyesema, kwa siri, nikiwa nimelala.

Walikuja magharibi, wawili, bila sare. Mmoja alikuwa msichana niliyemfundisha mwenyewe kuandika daftari. Waliweka bahasha juu ya kitanda, wakauliza habari za wajukuu, wakanywa chai, wakataka kuondoka. Nikawauliza, kwa sababu nilikuwa mweka hazina na siwezi kuacha kuuliza, imetoka mfuko gani.

Msichana akatazama chini. "Mama, ulishatoka kwenye kikundi. Mfuko wa jamii ni wa wanachama." Akasita. "Imetoka kwa mgeni."

Sitaficha: iliniuma. Usiku ule nilijigeuza kitandani nikijiambia kwamba nilizeekea pale, kwamba sanduku lile lilijua pumzi yangu. Asubuhi nikampigia msichana simu, nikamwomba siku akipanda kuja Lubiriha anipitie na daftari. Alipofika jicho lilikuwa limeshafunguliwa bandeji. Nikapeleka ukurasa karibu na dirisha, nikaifuata kwa kidole ile safu niliyoichora kwa rula mwaka 2009. Waliandikwa mle mvuvi asiye na kwao, mama wa kitanda cha jirani, bibi wa milimani, familia 37. Chini yao kulikuwa na mstari wenye jina langu, na kando yake, kwa mwandiko niliomfundisha, idadi ya samaki.

Nikamwuliza kama idadi ile alihesabu na mwenzake.

"Mara mbili, mama," akasema.